Mgombea na bei ya pamba
Katika kampeni za urais za 2020, wana-CCM walimwita Tundu Lissu, mgombea wa Chadema aliyerejea kutoka Ubelgiji Julai mwaka huo, kibaraka wa mabeberu. Wapinzani wakajibu kwamba Rais John Magufuli wa CCM, tangu aingie Ikulu, hakuwa amefanya ziara hata moja nje ya Afrika. Bernard Membe, mgombea wa ACT-Wazalendo na Waziri wa Mambo ya Nje tangu 2007 hadi 2015, ndiye aliyekuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa siasa ya nje, lakini viongozi wa chama chake wakamuunga mkono Lissu. Hapa Somanda, Bariadi, mkoani Simiyu, mabishano hayo hayakumgusa mkulima, na hilo linaniuma sana. Mwaka 2019 bei ya pamba ilishuka katika soko la dunia, na wakulima wakakaa miezi wakidai fedha za pamba waliyokwisha kuipima. Siasa ya nje ya Simiyu ni hiyo: nani ananunua marobota yetu, kwa masharti gani, na kwa nini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inasafirishwa kabla haijasokotwa. Mgombea yeyote atakayefika Bariadi aulizwe hayo, na asiruhusiwe kujibu kwa matusi dhidi ya mwenzake.