Kura ya shingo upande

Karatasi ya urais ilikuwa nyeupe. Nilisimama nayo nyuma ya kibanda cha kadibodi, ndani ya darasa la shule ya msingi huku Kisauni, Mombasa, asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, kalamu mkononi na mkono hauendi. Picha zilikuwa nne. Nje, foleni ilikuwa imevuka lango. Watu walifika kabla ya adhana ya alfajiri, na muuza kahawa alikuwa akipita baina yao na dele lake, akigonganisha vikombe. Karani mezani akakohoa. Nikatia alama.

Nilimpigia Raila Odinga, na nilimpigia shingo upande. Nasema mapema ili msomaji ajue anamsoma mtu wa aina gani. Mtu wa shingo upande hakukataa, lakini moyo wake haukukubali. Ukimtazama unamjua: miguu imekwenda, uso umebaki nyuma. Tabu ni kwamba sanduku la kura halina macho. Alama yangu ilihesabiwa sawasawa na ya jirani yangu ambaye usiku ule alilala na kofia ya chama kichwani.

Uchaguzi mwingine umepangiwa tarehe 10 Agosti 2027, na swali limesharudi barazani: mtu asiyemwamini mgombea yeyote, apige kura au akae nyumbani? Wengi hulijibu kwa kukemea. Wanakwambia kura ni haki yako, ni wajibu wako, usilalamike kama hukupiga. Mimi kukemewa hakujanisaidia, na sidhani kumemsaidia yeyote ambaye kusita kwake kuna sababu.

Sababu zangu zilikuwa hizi. Raila nilimpigia 2013 na 2017 kwa moyo wangu wote. Alikuwa mtu aliyewekwa kizuizini enzi za Rais Moi bila kesi kusikilizwa, na kwetu sisi jina lake lilikuwa jina la kudai haki. Tarehe 9 Machi 2018 alipopeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta kwenye ngazi za Harambee House, nilishukuru kwanza, kwa sababu miezi iliyotangulia, baada ya uchaguzi wa 2017, ilikuwa ya risasi na maziko. Kisha nikaanza kutatizika. Ilipofika 2022, rais ambaye Raila alikataa kumtambua ndiye aliyekuwa akimnadi. Waziri huyu na yule, waliokuwa wakimwita mchochezi, wakawa jukwaani wanamwita Baba. Ilikuwa mara yake ya tano kuwania, na kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa upande wake. Nilitaka ashinde kwa ajili ya yote yaliyopita, na wakati huohuo niliogopa kwamba aliyepigania mabadiliko sasa angeingia Ikulu akiwa na deni kwa wale waliokuwa wakiyazuia.

William Ruto alikuwa tabu ya namna nyingine. Nilimsikiliza kwa makini, na nakiri kwamba katika wagombea wote yeye ndiye aliyezungumza na mama mboga kama mtu anayejua bei ya sukuma wiki. Wilbaro ilikuwa alama ya chama chake, na "mahasla" likawa jina ambalo mtu maskini angejiita bila kuona haya. Hilo si jambo dogo. Siasa zetu zimezoea kuhesabu watu kwa kabila, na kampeni iliyowahesabu kwa mifuko mitupu iligusa kitu cha kweli. Ila alikuwa Naibu Rais tangu 2013. Alikuwa akituahidi kututoa katika nyumba ambayo yeye mwenyewe alikuwa na ufunguo wake.

Ami yangu alilisema hilo vizuri kuliko mimi. Alikuwa karani katika yadi moja ya makontena, mpaka serikali ilipoelekeza mizigo ya bara ipakiwe treni ya SGR bandarini na kwenda kulipiwa ushuru kwenye bandari kavu ya Nairobi, na baadaye Naivasha. Malori yakapungua, yadi zikafungwa, na pamoja nazo mikahawa, gereji na vyumba vya kupanga vilivyoishi kwa ajili ya madereva. Siku moja kabla ya uchaguzi nilimkuta barazani.

"Ami, kesho huendi?"

"Nimpigie nani, mwanangu? Yule aliyekuwamo serikalini waliponifungia kazi, au huyu anayebebwa na aliyenifungia?"

Sikuwa na jibu. Hakwenda. Na Mombasa nzima ilifanana naye: kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizojitokeza kwa uchache kabisa nchini. Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba alitangaza siku hiyohiyo kwamba shughuli za kutoa mizigo zingerejeshwa Mombasa. Ami alisikiliza redioni bila kusema neno. Kwake, agizo lilikuwa limekuja baada ya yadi kufungwa na wenzake kutawanyika.

Kwa hiyo mtu anaposema waliokaa nyumbani ni wavivu, mimi namkumbuka yeye. Lakini napenda pia kumwonyesha ami hesabu, maana zinaumiza kuliko lawama. Waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, asilimia 50.49, na Raila akapata 6,942,930. Tofauti ilikuwa 233,211. Ambao hawakufika kabisa vituoni walikuwa karibu milioni 7.8. Yaani kundi kubwa kuliko yote siku ile halikuwa la mahasla wala la Azimio, muungano wa Raila. Lilikuwa la kina ami.

Na kundi hilo halikupata hata nusu ya kiti. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba kususia kunaongea. Tulishaona. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017, na Raila akawaambia wafuasi wake wasishiriki marudio ya tarehe 26 Oktoba, waliojitokeza walishuka kutoka karibu asilimia 79 hadi takriban 39. Katika sehemu za Nyanza kura haikupigwa kabisa. Uhuru akashinda kwa asilimia 98, mahakama ikaidhinisha, akaapishwa mwezi uliofuata. Hakuna kifungu cha Katiba kilichouliza ni wangapi walibaki nyumbani. Katiba inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Wasiofika hawamo katika hesabu hiyo.

Utaniambia mgomo ule ndio uliozaa handisheki ya 2018. Pengine ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini tazama nani aliketi mezani. Mgomo ulikuwa na kiongozi, na kiongozi aliuza kimya cha watu wake kwa bei aliyoipanga mwenyewe, bila kuturudia kutuuliza. Kimya cha mtu mmoja mmoja, kama cha ami yangu 2022, hakina hata dalali.

Wako wanaoharibu kura makusudi, na nimewahi kutamani kuwa mmoja wao. Mwaka ule kura 113,614 zilikataliwa. Kati ya hizo zipo zilizoharibiwa kwa hasira na zipo zilizoharibika kwa sababu bibi wa miaka themanini alitia alama katikati ya visanduku viwili, na hakuna awezaye kuzitenganisha. Tena Mahakama ya Juu iliamua tangu 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingizwi katika kupiga hesabu ya asilimia. Kama zingeingizwa, Ruto angevuka nusu kwa kura kama elfu kumi na tatu tu. Karatasi zetu hazina kisanduku cha "simtaki yeyote", na mpaka kiwepo, ghadhabu ya mtu na mkono uliotetemeka vitaendelea kutupwa katika bahasha moja. Kuhusu kina George Wajackoyah na David Mwaure, wote wawili kwa pamoja hawakufikisha kura laki moja. Waliochoka na wakubwa hawakuhamia kwa wadogo.

Basi nikapiga shingo upande, nikiamini nimefanya la busara: nimechagua niliyedhani angekuwa rahisi kubanwa. Miaka miwili baadaye busara yangu ikapata mtihani. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Wengi wao walikuwa wa rika ambalo 2022 lilikuwa chini ya asilimia 40 ya sajili ya wapiga kura, rika tulilolisema halijali. Tarehe 25 waliingia Bungeni. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano yale. Rais aliukataa mswada siku iliyofuata, akavunja baraza la mawaziri mwezi wa Julai, na alipoliunda upya, ndani yake walikuwamo vigogo wa ODM, chama cha Raila: Hassan Joho wetu wa Mombasa, John Mbadi, Wycliffe Oparanya, Opiyo Wandayi. Machi 2025 chama cha Ruto na ODM vikatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Mtu niliyempigia ili kumzuia mwingine alikuwa sasa anamshikilia mkono.

Siku ile nilimwelewa ami kuliko wakati mwingine wowote. Nilijiona kama mtu aliyekesha akichagua kati ya milango miwili, kumbe yote inaingia sebule moja. Raila alipofariki Oktoba 2025 nililia, na nililia kwa dhati, na katika kilio kile mlikuwa na hesabu ambayo hatukuimaliza, mimi na yeye.

Ila kuna jambo jingine la Juni ile ambalo limenishughulisha zaidi kuliko handisheki zote. Mswada ule haukupitishwa na rais. Mchana wa tarehe 25, kabla Bunge halijavamiwa, wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga. Orodha ilisambaa kwenye simu kabla ya magharibi, na mimi kama wengine nikatelezesha kidole nikitafuta jina la mbunge wangu. Sitamtaja wala kusema alisimama upande gani. Kilichonichoma ni kwamba nilipokuwa nikilitafuta sikuwa na fununu yoyote ningelikuta wapi. Nilikuwa nimempa kura mtu ambaye sikujua atasema nini siku ya kodi.

Nikarudi kichwani mpaka kile kibanda cha kadibodi. Ile karatasi nyeupe ilinichukua dakika nzima, pengine mbili, na kabla yake miezi ya kukosa usingizi. Karatasi ya kijani, ya mbunge, ilinichukua muda wa kutia alama tu. Vivyo hivyo ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, na ya mwakilishi wa wadi. Gavana tu ndiye hatukumchagua siku ile. Kura hiyo iliahirishwa Mombasa na Kakamega kwa kasoro kwenye karatasi, tukarudi tarehe 29. Wanasiasa walikuwa wametuhimiza tupige kura kwa mtindo wa suti, juu mpaka chini chama kimoja, na mimi niliyejidai mgumu nikaivaa suti hiyo bila hata kuijaribu begani. Kusita kwangu kote nilikuwa nimekumalizia juu, kwa watu wawili ambao kura yangu moja haikuweza kuwafanya lolote, na nikawapitisha wengine bila swali, wale ambao ningeweza kuwasimamisha sokoni na kuwauliza.

Ndiyo maana nasema mtu wa shingo upande aende kituoni, na aende na shingo yake ileile. Simwambii ampende mgombea wa urais. Mapenzi kwa wagombea yametugharimu. Aliyempenda kiongozi hupata shida kumwuliza, na 2018 mimi mwenyewe nilinyamaza kwa sababu aliyepeana mkono alikuwa wangu. Mwenye kusita hana cha kutetea. Anaweza kumpigia mtu Jumanne na kumpinga Jumatano bila kujiona msaliti. Lakini kusita huko kugawanywe. Diwani anayepitisha bajeti ya kaunti, mbunge anayepiga kura ya kodi, wachunguzwe kwa ukali uleule tunaomchunguzia rais. Hapo ndipo tofauti ya kura mia tatu huamua nani aingie, na hapo ndipo mtu hawezi kumwambia ami yangu kwamba kura yake ni tone baharini.

Hatari bado ipo. Huenda nikampigia diwani niliyemchunguza, naye akaingia akafanana na waliomtangulia. Na mshindi wa urais ataendelea kuichukua kila alama kuwa ni "ndiyo" iliyonyooka. Ruto alipata nusu na kidogo tu ya kura halali, takriban theluthi moja ya waliosajiliwa, na miezi ya mwanzo alitawala kana kwamba nchi nzima ilimwimbia. Njia pekee niijuayo ya kumfahamisha mtu kwamba nilimpa kura bila kumpa moyo ni kumwambia kwa mdomo wangu, mapema, na mara nyingi.

Juzi nilimpelekea ami mahamri, nikamkuta na redio yake, wanasiasa wanazozana juu ya 2027. Nikamwuliza tena kama atapiga. Akasema urais hataki hata kuusikia. Kisha akaipunguza sauti ile redio.

"Huyu wa wadi yetu, mwanangu, ni nani hasa? Maana lile bomba la maji la hapa nyuma nimeambiwa ni kazi yake."

Jina lake nililijua, kwa sababu limebandikwa nyuma ya matatu. Zaidi ya hapo sikuwa na la kumjibu. Akanisogezea kikombe, akaita mpita njia mmoja anayefanya kazi kaunti, na tukaanza kumwuliza.