Ukiondoka Hujawasamehe

Kuna ushauri unaotolewa kwa upendo kabisa, nao unawamaliza watu polepole: "Usiache kazi huku unadai. Ukiondoka, umewasamehe." Nimeusikia kwa shemeji, kwa mzee wa kanisa, kwa wenzangu chini ya mwembe saa ya chai. Nami niliuamini miezi minane.

Ilikuwa kampuni moja ya kusafirisha mizigo, Dar es Salaam. Mshahara ulianza kuchelewa, ukaja nusu, ukakatika. Dada wa mapokezi alikuwa na kalenda nyuma ya mlango. Kila mwisho wa mwezi alifuta kwa raba jumla ya anachodai, akaandika nyingine kwa penseli, kubwa zaidi. Tuliitazama ile namba kama akiba. Haikuwa akiba. Ulikuwa mkopo tuliomwongezea bosi kila asubuhi tulipopanda daladala kwa nauli ya kukopa.

Deni la mshahara halifi kwa sababu umeandika barua ya kuacha kazi. Umefanya kazi, unadai. Hata ukihamia Mwanza, bado unadai. Kinachoua madai ni kule kungoja. Kwa kanuni za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, huku Tanzania Bara, mgogoro wa namna hii hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ule wa kuachishwa kazi isivyo halali, ndani ya siku 30. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya maana. Sitamani mtu yeyote asimame pale aseme alikuwa anavumilia.

Na kiinua mgongo je? Ni kweli, ukiacha mwenyewe unaweza kukikosa. Basi tupige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10. Wengi wetu pale tulikuwa na miaka minne: siku 28. Yaani tulikaa miezi minane bila mshahara tukilinda mshahara wa kama mwezi mmoja! Inaniuma hadi leo kwamba hakuna aliyekaa chini akahesabu.

Sheria hiyohiyo inatambua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kuacha kazi huku aliyemfukuza hasa ni mwajiri, kwa kuifanya kazi isivumilike. Ila ni juu ya mfanyakazi kuthibitisha, na hapa ndipo adabu yetu inapotuponza. Tumefundishwa kuandika "naacha kazi kwa sababu zangu binafsi", tushukuru kwa ushirikiano, tumtakie bosi heri. Usiandike hivyo. Andika ni miezi mingapi hujalipwa. Na kama unalipwa kwa mwezi, toa notisi ya siku 28 kwa maandishi, wasipate cha kukukata.

Hujui kama umefika hatua ya kuondoka? Nenda NSSF uombe taarifa ya michango yako. Ukikuta mwajiri anakata kwenye mshahara wako na hapeleki, hana mpango wowote na uzee wako, na ahadi yake ya kulipa "wiki ijayo" usiihesabie siku.

Simsemi anayelipwa vizuri akachoka tu. Huyo ana nafasi ya kutafakari taratibu. Namsema anayekula kwa mangi kwa daftari, na bado kesho saa moja na nusu atakuwa kazini.

Mwezi wa tano, dada wa mapokezi alimwomba meneja atie saini kwa wino pembeni ya ile namba. Akatia, labda akidhani anamtuliza. Siku ya kuondoka dada akaitungua kalenda msumarini, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba pamoja na nakala ya barua yake, akaenda nayo Tume. Sisi tuliobaki tulimwambia amewasamehe.