Plastiki ya mimea ipimwe kwa supu ya moto

Mama lishe wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, anapakia supu ya sato ingali inafuka mvuke. Atakayemletea kifungashio kilichotokana na mimea aanze kukipimia hapo.

Plastiki ya mimea inayovuma zaidi, ya asidi ya polilaktiki, hutengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa. Ikifika nyuzi joto 60 hivi, hulegea. Supu na chai huzidi hapo. Ikisombwa na Mto Mirongo hadi ziwani, kasoro inageuka: ili ioze upesi inataka mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi hizohizo 60, na maji ya Ziwa Victoria ni nyuzi 25 hivi. Chai inailegeza, ziwa haliiozeshi. Nasi hatuna nafasi ya kubahatisha: mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Faris Biginagwa walichapisha kwamba katika sangara na sato walionunuliwa Mwanza, mmoja kati ya kila watano alikuwa na plastiki tumboni.

Joto lenyewe lina dawa, na dawa hiyo inajiotea kandokando ya barabara zetu. Ni nyonyo. Sisi tunaijua kwenye vichupa vya mafuta ya nywele; Wafaransa tangu miaka ya 1940 wanayageuza mafuta yake kuwa nailoni 11, isiyoyeyuka mpaka karibu nyuzi 190, nayo hutengenezewa mirija ya mafuta ndani ya magari. Huko Sezela, Afrika Kusini, makapi ya miwa nayo hutolewa kemikali ya furfurali, na gundi yake hushikanisha mchanga wa kalibu za kumiminia chuma kilichoyeyuka. Miwa Kagera ipo.

Lakini nailoni 11 nayo haiozi ziwani. Kutoka kwenye mmea ni jambo moja, kuoza ni jingine, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa yote mawili. Shirika la Viwango (TBS) liagize kila kifungashio kinachouzwa kwa jina la mimea kiandikwe kwa Kiswahili kinahimili nyuzi ngapi na kinaoza wapi. TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, na SIDO, la viwanda vidogo, yapewe fedha za kuijaribu nyonyo ya Kanda ya Ziwa kwa vitu vya kudumu: mabomba, vipuri, vifaa vya mitumbwi. Na supu? Manispaa ya Ilemela ianze na mwalo wake wa Kirumba: bakuli la bati lenye kifuniko, mteja aweke amana, arudishe kesho.