Neno la Mhariri: Wapiga Mizinga wa Khedive Ismail

Meli ya Khedive Ismail ilizama kwa muda usiofika dakika 3. Alasiri ya Jumamosi, Februari 12, 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili karibu na visiwa vya Maldivi, abiria wengine wakiwa sitaha za chini wanasikiliza muziki. Meli ilikuwa njiani kutoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa.

Haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilitoka kiwandani Scotland mwaka 1922 ikiitwa Aconcagua, ikapeleka wasafiri Chile, kisha kampuni ya Misri ikainunua na kuipa jina la mtawala aliyefungua Mfereji wa Suez. Vita vilipoanza ikageuzwa kubeba askari.

Habari zake huanza na wauguzi. Wanawake 77 walikufa siku ile, wengi wao wauguzi wa Kiingereza. Baada yao hufuata manowari Petard, ambayo nahodha wake aliamuru mabomu yaangushwe baharini mahali ambapo manusura walikuwa wakielea, kwa kuwa nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Ni uamuzi wa kutisha, na waandishi wanaurudia kwa haki. Lakini watu 996 ndani ya meli ile, karibu theluthi mbili, walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Wao hupewa tarakimu, sentensi moja, na habari inasonga mbele.

Toleo hili linakataa mpangilio huo, na linaukataa kutokea Homa Bay na Migori, Nyanza Kusini. Kwa nini huku, mbali na chumvi ya bahari? Kwa sababu vita vya majini vilibisha hodi Nyanza Kusini kabla ya vijana wake kuiona Mombasa. Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka hadi Kisii, merikebu za Winifred na Kavirondo, zilizounganishwa Kisumu kwa ajili ya shughuli za reli, zilifungwa mizinga na kupambana na meli ya Kijerumani Muansa katika ghuba ya Karungu, Ziwa Victoria. Wavuvi wa Karungu wanapita maji hayo kila alfajiri.

Tena watu wa huku wanajua kufiwa na mtu ambaye maji hayakumrudisha. Kwa Wajaluo, mwili usipopatikana, tunda la mti wa yago huzikwa mahali pake, ili matanga yawe na pa kuanzia. Familia ya askari aliyezama karibu na Maldivi ilihitaji jambo la kwanza tu: habari ya hakika kwamba kijana wao amekufa, na wapi.

Wapiga mizinga waliopotea na Khedive Ismail wanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Hapo wana nafuu kuliko wapagazi wa vita vya kwanza: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, waliachwa bila kuandikwa majina. Hata hivyo mnara ulio Nairobi, safari ya siku nzima kutoka Muhuru au Mbita, haukumfikia bibi aliyebaki kijijini akisubiri, wala hauwafikii wajukuu ambao hawakuambiwa pa kwenda kutafuta.

Kazi iliyobaki basi ni ya nyumbani kuliko ya serikali. Anayehifadhi barua ya jeshi, picha ya babu aliyevaa sare, au kumbukumbu ya mchango wa matanga wa mwaka 1944, anaombwa amwandikie mhariri, aeleze kijiji na ukoo. Majina yatakayopatikana yatalinganishwa na orodha za jeshi, na yanayokubaliana yatachapishwa katika toleo lijalo, pamoja na yale ambayo orodha zimeyakosea herufi, na hayo hayatakuwa machache.