Kabla ya Kulaumu Jiko, Angalieni Ukuta

Kila Julai stori ni ile ile. Watu wamelala na jiko la makaa ndani, dirisha limefungwa, asubuhi majirani wanavunja mlango. Halafu sisi huku mtandaoni tunaanza: kwani hawakujua? Wasee, wengi wanajua. Walikuwa wanasikia baridi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, mara nyingine chini ya hapo. Sasa wewe uko kwa keja ya mabati geji 30. Bati hilo halifiki hata nusu milimita, yaani kati yako na upepo wa nje kuna kitu chembamba kuliko kadi ya ATM. Na chuma hupitisha joto haraka, ndio maana chumba hicho hicho mchana wa Februari ni oveni na usiku wa Julai ni friji. Alfajiri bati linakudondoshea maji, na si mvua. Ni pumzi zenu mliolala humo, zimegusa bati baridi zikageuka matone.

Kule Uingereza nyumba nyingi zina kuta mbili za matofali zenye nafasi katikati. Fundi hutoboa vishimo, kisha hupuliza ndani nyuzi za madini au vipunje vya lile povu jeupe linalokuja na TV mpya. Hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi, ila ikiachiwa nafasi huzunguka na kulibeba. Ukiijaza nafasi, umeifunga miguu. Na msiseme ni mambo ya wazungu: nyumba ya shosho ya fito na udongo ilijazwa katikati, na unene ule ndio uliofanya ichelewe kupata joto na ichelewe kupoa. Tuliibomoa tukaweka mabati tukaita maendeleo, lakini hiyo ni siku nyingine.

Wapangaji wenyewe wanajaribu. Ingia ploti za mabati utaona katoni, magunia na shuka ukutani. Wazo ni poa, vifaa ndio noma. Katoni ikishika moto, ploti nzima imeenda. Ikigusa bati, inalowa na kuota ukungu.

Kazi inayofaa ni hii. Fundi anapigilia fremu ya mbao za inchi 2 kwa ndani, anajaza nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, ambazo haziungui, anatandaza nailoni upande wa chumba ili mvuke usifike kwa bati, kisha anafunika na jipsamu. Dari ndio ianze, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Na tundu la hewa libaki wazi, tafadhali! Chumba kilichozibwa kabisa na jiko likiwa ndani kinaua haraka zaidi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na haikuamshi.

Nani alipe? Mwenye ploti. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi hawezi kupigilia jipsamu kwa ukuta wa mtu halafu kesho afukuzwe aiache hapo. Najua watajibu kwamba watapandisha kodi. Sawa, tuongee pesa basi. Walioajiriwa wanakatwa 1.5% ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Gorofa zijengwe, sina noma nazo, lakini mama aliye kwa mabati leo hatahamia huko Julai hii. Tengeni sehemu ya hizo pesa ziwe mkopo wa riba ndogo kwa wenye ploti wa kuweka dari na kuta za ndani, kwa sharti moja: kodi isipande miaka miwili. Ukipandisha, unarudisha mkopo wote mara moja.

Na kama wewe ni mwenye ploti na umesoma mpaka hapa, usingoje serikali. Anza na chumba kimoja, kile chenye mtoto mchanga.