NYUMBA NA LUPANGO: Gazoni ya plastiki nayo hutaka mkono wa mwenyewe

Siku moja tulikwenda kumwamkia rafiki yetu katika lupango yake hapa Lubumbashi. Mbele ya nyumba palikuwa na gazoni ya plastiki, ile inayouzwa kama zulia. Aliitandika miaka mitatu iliyopita, kwa fedha alizoziweka akiba miezi mingi, maana alichoka na vumbi jekundu la kiangazi na matope ya masika. Lakini tulimkuta amenuna. Jana yake mama yake mzee alikuwa amejikwaa penye mshono uliofumuka, akaanguka. Mfupa haukuvunjika; goti tu lilivimba.

Rafiki yetu akasema: «Mwalimu, nimedanganywa. Waliniambia kitu hiki hakina kazi. Kesho nitakingʼoa nikichome moto.» Tukamwuliza: «Mshono huo ulianza kufumuka lini?» Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: «Tangu wakati wa mvua.»

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike leo.

Majani haya yalipata sifa huko Marekani. Mwaka 1965, katika mji wa Houston, ulifunguliwa uwanja wa michezo wenye paa, uitwao Astrodome. Mwanga uliopita katika paa uliwasumbua wachezaji. Basi paa likapakwa rangi, na majani ya kweli yakafa kwa kukosa jua. Mwaka 1966 yakatandikwa majani ya nailoni. Baadaye majani ya bandia yakatoka viwanjani, yakaingia katika nyua za watu. Tangu mwanzo, basi, yalitengenezwa yasihitaji mvua wala jua. Hayakutengenezwa yasihitaji mtu.

Mwenye gazoni na ajue kwanza kilichoko chini yake. Juu ni nyuzi za plastiki. Katikati ni mgongo wa zulia wenye matundu ya kupitishia maji. Chini ni kokoto zilizoshindiliwa sana. Kati ya nyuzi hunyunyizwa mchanga safi, ili nyuzi zisimame na zulia litulie. Kokoto zikititia, zulia litabonyea. Mchanga ukipungua, nyuzi zitalala.

Kazi ya kila juma ni ndogo. Ondoeni majani ya mwembe kabla hayajaoza, kwa maana yakioza huziba matundu na kuzaa ukungu. Piga ufagio mgumu wa nailoni kinyume cha mlalo wa nyuzi, ili ziinuke. Ufagio wa waya usitumike kamwe, maana hukata nyuzi. Mbwa akikojoa, mwaga maji mengi. Harufu ikizidi, changanya siki na maji sawa kwa sawa, mwagia, kisha suuza. Magugu yakichungulia pembeni, yangʼoe kwa mkono yakiwa bado machanga.

Sasa tuseme habari ya mshono. Chagueni siku kavu. Kunjueni kingo mbili, fagieni mchanga wote, na kuuondoa uchafu mgongoni mwa zulia. Tandazeni chini utepe mpana wa kuungia, katikati ya ufa. Pakeni gundi ya nje isiyoshindwa na maji. Rudisheni ukingo mmoja, halafu wa pili, hata vikutane bila kupandana, na kwa vidole mzitoe nyuzi zote zilizonaswa kati yake. Wekeni mbao na mawe juu, mkaache siku nzima bila kukanyaga. Mwisho rudisheni mchanga na kupiga ufagio.

Penye tundu, kateni mraba ulionyoka kwa kisu kikali, mkifuata mistari ya mshono upande wa mgongo. Kiraka kitoke katika mabaki ya zulia lile lile, na mlalo wake uelekee upande mmoja na wenzake. Kikigeuzwa, kitaonekana kama shati lililoshonewa kitambaa kigeni. Kwa hiyo anayenunua zulia asitupe vipande vilivyosalia.

Kuna maadui wawili wa kuogopwa. Wa kwanza ni moto. Mbabula isiwekwe juu ya gazoni hata kwa dakika moja. Kaa moja likianguka, tundu limekwisha kutoboka. Hata kioo cha dirisha kinachorudisha jua kwa nguvu chaweza kuyeyusha nyuzi. Adui wa pili ni jua lenyewe. Katika jua kali majani haya huweza kupita digrii 60 za joto, na mtoto mdogo asiye na viatu akaungua nyayo. Maji huyapoza, lakini kwa kitambo tu. Mama, gusa kwanza kwa kiganja chako. Kama mkono wako haustahimili, mwana asikanyage.

Na kuchoma zulia lililochakaa, kama alivyotaka rafiki yetu? Hapana! Moshi wa plastiki ni sumu kwa wenye nyumba na kwa jirani. Wala lisitupwe mtoni, kwa kuwa plastiki haiozi. Kipande kizima kikatwe, kitumike mlangoni kufutia miguu.

Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jumamosi iliyofuata tulipiga magoti pamoja na rafiki yetu, na wanawe wawili wakishika mbao. Ilituchukua saa tatu na kopo moja la gundi. Jumapili jioni mama mzee alitoka na fimbo yake, akapita juu ya mshono mara mbili bila kusema neno, akaketi chini ya mwembe. Mwanawe alimtazama, kisha akatuambia polepole: «Miezi yote ile, kazi ilikuwa ya saa tatu tu.»