Tunahesabu miche, nani anahesabu miti iliyochunwa magome?

Niko Kisumu kwa wiki kadhaa sasa, na katika vichochoro vya Nyalenda kitu kimoja kimenikera kuliko vumbi. Miarobaini ya kando ya njia imechunwa magome, mengine kwa panga, mengine kwa kisu cha jikoni. Msomaji wa Pwani asicheke. Hata kwetu mwarobaini wa uani ukiwa karibu na barabara hauna amani.

Shida si kuchuna, shida ni kuzungusha. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia mbao za ndani, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa utando mwembamba ulio chini tu ya gome. Ukiuondoa utando huo kuzunguka shina zima, mizizi inakosa chakula. Majani yanaweza kubaki kijani kwa miezi, kwa kuwa maji bado yanapanda, na kila apitaye husema mti uko salama. Ukija kukauka, aliyeuchuna hakumbuki na jirani anasema ni jua.

Uingereza wanalia na kindi wa kijivu, waliotoka Marekani wakaletwa huko karne ya 19. Hutafuna magome ya miti michanga ya mwaloni na mingineyo, na wenye misitu wanahesabu hasara. Hapa Kenya kima wamefanya vivyo hivyo kwenye mashamba ya misonobari na saipresi. Lakini kima akishiba huondoka. Binadamu ana soko, na soko halishibi.

Tazama mueri, ambao wanasayansi huuita Prunus africana. Gome lake lilisafirishwa Ulaya kutengenezewa dawa ya tezi dume, na miti mingi ikachunwa yote au kukatwa kabisa. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Mwarobaini hauna ulinzi kama huo, na wala hauhitaji mkataba wa kimataifa. Unahitaji mtu wa mtaa anayeuangalia.

Serikali imeahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ili tupande. Sawa, kupanda mti ni sadaka, sibishi. Ila sijawahi kusikia hotuba inayotaja mti mkubwa uliokufa wiki hiyo hiyo, wenye kivuli ambacho mche hautatoa leo wala mwaka ujao.

Simlaumu mama anayebandua kipande kwa sababu foleni ya zahanati ni ndefu na mfuko ni mtupu. Nawalaumu wanaomwachia achague peke yake kati ya mtoto na mti. Kaunti ingeweza kuwakalisha wauza dawa za miti shamba, wakubaliane: majani kwanza, kwani yanaota tena. Gome litoke kwenye matawi yanayopogolewa, na likitoka shinani liwe kipande cha upande mmoja, mti uachwe upone kabla ya kuguswa tena. Kisha wapewe miche yao wenyewe, kwa majina, waitunze. Magome yakiisha Nyalenda, wao ndio watakaolazimika kulipa nauli kuyafuata mbali.